Mikono ya Mama Mdogo

Saa nne asubuhi, siku ya Jumamosi, Mwalimu alikuwa akiizunguka meza ya chakula na kupima kwa vidole viwili nafasi kati ya kila sahani na ukingo wa meza. Sahani zilikuwa nane. Ya sita ilikuwa imesogea kidogo, akairudisha. Kisu kulia, makali yakitazama sahani, uma kushoto, glasi juu ya ncha ya kisu, leso imekunjwa pembe tatu, si kusokotwa ndani ya glasi kama wafanyavyo kwenye kumbi za kukodi, jambo ambalo Mwalimu hulitaja kwa sauti ya mtu anayezungumzia kipindupindu.

Alikuwa amefundisha sayansi kimu kwa miaka thelathini na mmoja. Alipostaafu alirudi nyumbani na saa ya ukutani aliyoagwa nayo, na daftari la jalada gumu alimoandika kanuni za kukaribisha wageni nyumbani. Mtaa mzima ulilijua daftari hilo. Mtu akitaka kusherehekea siku ya kuzaliwa ya mtoto, au kumpongeza jamaa aliyepata kazi, alibisha hodi kwa Mwalimu kwanza, akasomewa. Soda moja na nusu kwa kila mtu mzima. Barafu vipande viwili kwa glasi. Vitatu ni kumpunja mgeni juisi yake. Mgeni asiulizwe atakunywa nini, maana akiulizwa hivyo huomba kisichokuwapo; aambiwe kuna juisi ya nanasi na kuna maji ya ndimu, achague. Mgeni akisema ameshiba mara ya kwanza, hajashiba. Mara ya pili, anakaribia. Mara ya tatu, mwacheni.

Kanuni ya tisa ilisema hivi: Mpishi asionekane sebuleni wageni wakiwapo. Ionekane mikono yake tu, nayo iwe safi.

Hakuna aliyeitii kanuni hiyo kumzidi mdogo wake Mwalimu wa tumbo moja, aliyeishi naye na kumpikia. Miaka sita iliyopita, mwalimu mkuu wa zamani alipokuja kula chakula cha mchana, mdogo mtu alitoka jikoni na sinia la viazi vya kuoka. Alipofika kwenye kizingiti cha sebule, mwili ulibaki na mikono ikaendelea. Iliachana naye kwenye viwiko, bila damu wala kelele, kama mtu anavyovua sweta. Iliingia na sinia kwenye kimo kilekile cha kifua cha mtu, ikaanzia kulia kwa mgeni wa heshima kama kanuni ya nne inavyotaka, ikazunguka meza, kisha ikarudi jikoni na kujipachika mahali pake. Mwenye mikono alikunja na kukunjua vidole, akaona vinafanya kazi, akaendelea kukata vitunguu.

Mwalimu mkuu alitafuna kiazi cha tatu. "Huyu mtu ana mkono," alisema.

"Miwili," alisema Mwalimu.

Tangu siku hiyo mambo yakawa hivyo. Siku za kawaida mdogo mtu alikivuka kizingiti mzima mzima, akapiga deki sebule, akapangusa vumbi kwenye kabati la vikombe, akasikiliza taarifa ya habari akiwa amesimama. Mwili ulibaki jikoni siku za wageni tu. Mwalimu alimnunulia glavu nyeupe ndefu, kwa kuwa viwiko vilivyoachana na mwenyewe, hata kama havitoi damu, havipendezi karibu na bakuli la supu. Glavu zilikuwa na kasoro moja. Vidole vya mwisho vya yule mwanamke, kulia na kushoto, vilikuwa vimepinda kuelekea ndani tangu kuzaliwa, na glavu za dukani hutengenezewa watu walionyooka. Alizifumua mwenyewe pale vidoleni, akazishona upya kwa mshono uliopinda.

Kila mtu alimwita Mama Mdogo. Jina hilo lilikuwa halali kwa watoto wawili wa kiume wa Mwalimu, ambao sasa wanaishi mbali na hupiga simu sikukuu. Alikuwa mdogo wa mama yao. Wangemwita nini kingine? Lakini alikuja katika nyumba hii akiwa mjane, na binti wa mwaka mmoja na nusu mgongoni, na huyo binti alijifunza kusema kwa kuwasikiliza wale wavulana. Walimwita Mwalimu Mama, naye akamwita Mama. Walimwita mama yake Mama Mdogo, naye akamwita Mama Mdogo. Watu wazima walicheka mpaka machozi. Walimfundisha kwamba Mwalimu ni Mama Mkubwa, akalitamka siku mbili, kisha akalikata neno la pili kwa kuwa lilimchosha ulimi. Mama Mdogo alicheka pamoja nao na kusubiri mtoto akue aache. Mtoto alikua. Hakuacha.

Fomu za shule zilijazwa na Mwalimu kwa sababu mwandiko wake ulikuwa mzuri. Penye "jina la mama" aliandika lake. "Ni kurahisisha tu," alisema, na kweli ilirahisisha. Binti alipohitimu ufamasia, jina lililosomwa ukumbini kuwa la mzazi lilikuwa la Mwalimu, na aliyesimama kupigiwa makofi alikuwa Mwalimu. Mama Mdogo siku hiyo alikuwa nyumbani akipamba keki, na wote waliokula keki hiyo waliisifu.

Sasa binti alikuwa anaolewa, na Jumamosi hii watu wa upande wa kijana walikuwa wanakuja kula na kuijua familia. Wangekuja wanne: kijana mwenyewe, ambaye ni mpima ardhi; baba yake, dereva mstaafu wa treni; mama yake, mshonaji wa nguo za harusi; na mjomba, ndugu wa mama, aliyechaguliwa kuwa msemaji kwa kuwa ana sauti. Upande wa nyumbani alikuwapo Mwalimu, binti, na jirani, nesi mstaafu, aliyekaribishwa kila hafla kwa sababu anajua kunyamaza. Hao ni saba.

Jumanne, wakikunja shuka uani, kila mmoja ameshika ncha zake, Mama Mdogo alimuuliza binti yake jambo ambalo hakuwahi kumuuliza katika miaka yote ishirini na saba.

"Jumamosi wakikuuliza mama yako ni nani, utasema nini?"

Binti alisogea mbele, akampa ncha zake mbili, akainama kuokota mkunjo wa chini. "Nitasema ukweli, Mama Mdogo."

Walilisikia jibu hilo wote wawili. Walikunja shuka ya pili.

Mama Mdogo hakukata tamaa, kwa kuwa alikuwa na mpango, na mpango wenyewe haukuwa wa kijinga. Alikuwa amejichunguza. Mwili wake ulibaki jikoni pale tu ulipotaka kukivuka kizingiti wakati wageni wamo ndani. Hakuna aliyewahi kujaribu kuuweka mwili huo sebuleni mapema, ukakaa kitini, ukawasubiri wageni waukute hapo. Mtu aliyekutwa amekaa hulazimika kutambulishwa. Ndivyo alivyotaka: watu wale waingie, wamwone, waseme "na huyu je?", na mtoto wake aseme neno moja lisilo na la pili. Alilitaka jambo hilo vibaya sana, mpaka usiku wa Ijumaa alishindwa kumeza chakula alichopika mwenyewe.

Alimwomba dada yake kiti cha nane. Mwalimu alishangaa kuombwa.

"Nani amekukataza kukaa? Kaa. Nitaweka sahani."

Na aliweka, kwa vidole viwili kutoka ukingoni, kama zile nyingine.

Kufikia saa saba kuku walikuwa wameiva na kufunikwa, supu ya maboga iko tayari, viazi viko kwenye oveni kwa moto mdogo, saladi haijatiwa siki bado maana ikitiwa mapema inanyauka. Mama Mdogo alioga. Alivaa gauni la bluu alilolinunua kwa ajili ya siku hii na kulificha chini ya godoro, si kwa kuogopa wezi. Saa nane kasoro robo alikaa kwenye kiti cha nane, kilichokuwa kati ya kiti cha binti na dirisha, akashika ukingo wa kiti kwa mikono yote miwili.

Kiti kilikuwa kizuri. Alikuwa amekipangusa kwa miaka mingi, lakini hakuwa amejua kwamba ukikaa hapo unaona mti wote wa jirani mpaka kileleni.

Binti alitoka chumbani akivaa hereni, akamwona, akasimama. Alitabasamu kwa woga. Mwalimu naye akapita akinyoosha kitambaa cha meza.

"Umependeza, mdogo wangu."

"Asante, dada."

Mwalimu alilitazama jagi la juisi. "Barafu," alisema.

Hakusema nenda. Hakusema lete. Alisema barafu, basi, kama mtu anavyotazama dirishani akasema mvua. Mama Mdogo alikuwa ameshainuka. Baadaye alilipitia jambo hilo mara nyingi kichwani, akitafuta mtu wa kumlaumu, na kila mara alifika palepale: hakuna aliyemsukuma. Miguu ilisikia barafu ikanyanyuka.

Trei ilikuwa imegandia kwenye friza. Aliivuta, ikagoma, akaimwagia maji ya bomba kwa chini, akaigonga kwenye ukingo wa sinki, vipande vikaanguka ndooni. Ilikuwa kazi ya dakika mbili. Katika dakika ya pili mlango wa mbele uligongwa.

"Hodi humu ndani!" Hiyo ilikuwa sauti ya mjomba, na kweli alikuwa nayo.

"Karibuni, karibuni sana," alisema Mwalimu.

Mama Mdogo alishika ndoo akaenda mbio mpaka kizingitini. Mikono ilipita. Mwili ulibaki, na gauni lake la bluu. Alisukuma kwa bega la kulia, kisha la kushoto. Kizingiti hakikuwa na ukali wala ubishi; hakikupitisha tu. Mikono iliweka ndoo mezani, ikatia vipande viwiliviwili katika kila glasi, kisha ikarudi jikoni kuchukua glavu, maana utaratibu iliujua. Mama Mdogo aliegemeza kipaji cha uso kwenye fremu ya mlango. Alilia kidogo. Hakuwa na cha kujifutia, kwa hiyo aliacha yakauke.

Sebuleni mambo yalikwenda vizuri. Supu ilisifiwa. Mikono ilipita na mkate, ikapita na siagi, ikamtandikia mjomba leso magotini.

"Asanteni," mjomba aliiambia, kwa wingi, kwa kuwa ilikuwa miwili.

Dereva wa treni alisema alikuwa hajaonja kuku wa namna hiyo tangu aache kazi. Alisema ameshiba, akaongezwa. Akasema tena, akaongezwa kidogo. Aliposema mara ya tatu akaachwa, na alionekana kujutia kusema. Mpima ardhi alimpitishia binti chumvi kabla hajaiomba. Kiti cha nane kilikaa na sahani yake safi.

Mama wa kijana, yule mshonaji, hakuwa mtu wa maneno mengi. Alikuwa na macho ya watu wa kazi yake, yanayokuona na kukukadiria kiuno kabla hayajakusalimu. Mikono ilipofika kwake na saladi, hakuchukua saladi.

"Samahanini," aliiambia, "hebu nione huu mshono."

Mikono iliweka bakuli chini. Mshonaji alishika ncha ya glavu ya kushoto, akaigeuza kwenye mwanga.

"Hii si ya kiwandani. Mtu kafumua kidole cha mwisho, akakirudishia kwa kupinda. Kazi safi." Aliivuta glavu taratibu, ikavuka, akakitazama kidole chenyewe. Kisha akatazama ng'ambo ya meza. "Juzi nimempima mkwe wangu glavu za harusi. Na yeye nilimpindia hapahapa."

Binti alikuwa ameshika uma. Aliuweka chini, akateremsha mikono yake yote miwili chini ya meza, akaifunika kwa kitambaa.

Mwalimu alisogeza chombo cha chumvi na kukirudisha.

"Na kiti hiki ni cha nani?" aliuliza mshonaji.

"Cha mdogo wangu," alisema Mwalimu. "Yuko jikoni. Si mtu wa makuu."

"Basi mikono ikae. Imezunguka tangu tuje."

Ilikuwa haki, na hakuna kanuni katika daftari iliyokataza. Mikono ilivua glavu ya pili, ikazikunja zote mbili kando ya sahani ya nane, ikatua mezani, vifundo juu ya kitambaa, kama mikono ya mtu aliyekaa. Kule jikoni Mama Mdogo alihisi kitambaa. Alikipiga pasi mwenyewe jana yake, na sasa kwa mara ya kwanza alihisi kilivyo chini ya kiganja cha mgeni.

Mjomba alifuta mdomo. Alikuwa amekuja kuuliza, na kwa saa nzima alikuwa amekula tu, jambo ambalo lilianza kumkera.

"Mwanangu," alimwambia binti, "mikono hii ni ya nani kwako?"

Mama Mdogo aliliweka sikio kwenye fremu ya mlango.

"Ya mama," alisema binti.

Akanyamaza.

Kilikuwa kimya cha kutosha mtu kujaza glasi ya juisi bila haraka. Nesi mstaafu, ambaye ana mazoea ya kuhesabu mapigo ya moyo, alisema siku nyingine kwamba yalikuwa kumi na moja. Kwa mapigo kumi na moja Mama Mdogo alikuwa mama. Alisimama wima jikoni, kati ya sinki na oveni, na furaha ikampanda mpaka kooni. Alisahau viazi. Huko sebuleni mkono wake wa kushoto uliteleza ukingoni mwa meza, ukashuka chini ya kitambaa, ukatafuta, ukapata. Vidole viwili vya mwisho vilivyopinda vilikamatana kama kulabu. Binti aliushika mkono ule kwa mikono yake yote.

Mwalimu alisogeza uma wake. Haukuwa umekaa vibaya.

"Mdogo," binti alimalizia. "Ni ya mama mdogo."

"Aa," alisema mjomba. Aliridhika, akarudi kwa kuku. "Basi ana mkono huyo mama mdogo."

"Miwili," alisema Mwalimu.

Wakacheka, na kicheko kilimsaidia kila mtu. Mshonaji peke yake hakucheka. Alitazama kitambaa cha meza upande wa binti, mahali kilipokuwa kikitikisika, akakadiria alichokadiria, kisha akachukua saladi. Alikuwa amekuja kumwoza mtoto, hakuja kuvunja nyumba ya watu.

Wakati akitamka lile neno la pili binti aliubana mkono wa mama yake mpaka kucha zikazama. Mama Mdogo aliyasikia maumivu huko jikoni, chini ya viwiko ambavyo havikuwa na kitu. Alimkasirikia mtoto wake kama hajawahi kumkasirikia, akampenda vilevile, na hakujaribu kuuvuta mkono.

"Barafu," alisema Mwalimu.

Mkono wa kulia ulinyanyuka. Ulingoja kidogo juu ya sahani ya nane, ukielekea kushoto. Mwenzake hakutokea. Basi ukatundika mpini wa ndoo kwenye vidole, ukaenda peke yake.

Mama Mdogo aliupokea kizingitini. Kwa mkono mmoja alivuta trei, akaigonga kwenye sinki, akajaza ndoo, akautuma tena. Hakuuita ule wa kushoto. Kwa mkono mmoja alitoa viazi, ambavyo vilikuwa vimekauka kidogo pembeni, na kwa mkono mmoja keki ilikatwa na kugawiwa, kipande cha kwanza kwa mama wa kijana. Hakuna kilichomwagika.

Wageni waliondoka saa kumi na moja wakiwa wamekubaliana tarehe. Mkono wa kushoto ulirudi jikoni wa mwisho, polepole, ukijikokota hewani. Ulinukia mafuta ya kujipaka ya duka la dawa anakofanyia kazi binti, na nyuma ya kiganja ulikuwa na alama nne za kucha. Jioni hiyo Mama Mdogo aliosha vyombo kwa mkono wa kulia tu.

Binti aliingia kuaga. Alisimama mbele yake, pale penye gauni la bluu lenye tone la mafuta kifuani, akafungua mdomo. Mama Mdogo alisubiri.

"Viazi vilikuwa vitamu, Mama Mdogo."

"Vilikauka pembeni."

"Hatukuona."

Wiki iliyofuata mshonaji alituma bahasha mbili. Moja ilikuwa kadi ya kikao cha harusi kwa Mwalimu, mama wa bibi harusi. Nyingine ilikuwa nene na laini, imeandikwa "Mikono, jikoni." Ndani yake mlikuwa na glavu nyeupe mpya, za kitambaa kilekile cha glavu za bibi harusi, vidole vya mwisho vimepindwa kwa mshono mdogo usioonekana. Zilimkaa kama ngozi. Siku ya harusi, alivyoelezwa, zingepita na keki.

Siku ile ya wageni, vyombo vilipokwisha kupangwa kabatini, Mwalimu alikaa mezani, kwenye kiti cha nane kwa kuwa ndicho chenye mwanga, akafungua daftari. Alifikiri sana, maana alikuwa mtu wa haki na hakupenda kuandika jambo ambalo hajaliona kwa macho yake. Kisha, chini ya kanuni ya tisa, kwa ule mwandiko wake mzuri, akaongeza: Kwa meza ya watu wasiozidi saba, mkono mmoja unatosha.